Nani Yumo, Nani Hayumo

Mwalimu,

Jana tulimaliza matanga yako. Ona, bado sijafika mstari wa pili na tayari nimeandika "tulimaliza", na najua ungegonga chaki kwenye mlango wa kabati na kuniuliza lile swali lako: nani yumo, nani hayumo? Haya. Alikuwemo mkeo, Mama Neema, walikuwemo watu wachache wa kanisa, wale wenzetu wanne tulioosha nao mapipa kiwandani, na mimi. Sombe, yale majani ya muhogo, ilizidi chumvi. Watu walikula hata hivyo.

Leo ni Jumapili, saa yetu ya somo, na nimekaa na daftari lako la bluu mbele yangu. Mama Neema alinipa siku ile tuliyokuzika, kwa sababu ati mimi ndiye mwanafunzi wako. Nilikuwa nalifikiria daftari la mtu aliyechanganyikiwa kidogo. Kurasa zote neno moja tu la Kiingereza, we, yaani sisi. Kila mahali uliposikia Mwingereza au Mzulu au Mhindi wa dukani akilisema, ulikwenda kuliandika, na pembeni ukaweka safu mbili: waliomo, wasiomo. We ya mwenye nyumba, "we don't take foreigners": yumo yeye na mbwa wake, hatumo sisi. We ya mchungaji, "we must forgive": wamo wote isipokuwa mchungaji. We ya bosi, "we have a problem": bosi hayumo kabisa, tatizo ni lako peke yako.

Wengine walicheka. Tulianza watano kusoma kwako, pale ghorofa ya saba Albert Park, hapa Durban, tukiwa na karatasi zilizoandikwa jina la Zaire, nchi ambayo hata yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa jina. Wenzetu wakachoka. Walisema kuosha mapipa hakuhitaji Kiingereza. Nikabaki mimi, na ulinipenda kwa hilo, nami nilijua kwamba unanipenda na nikajivuna nalo. Uliniambia, "Petit, mdogo wangu, ile neno we ni mlango. Usiangalie nani iko nafungua. Angalia nani iko nabakia inje."

Basi niliangalia vizuri. Hakuna mwanafunzi wako aliyeelewa somo hilo kuliko mimi.

Nitaandika ile siku yote ya ofisini, kwa sababu jana niliisema kwa mdomo tu.

Kule kiwandani Jacobs tulikuwa sita. Mapipa yalikuja na mabaki ya rangi na dawa, tukayamwagia yale maji makali ya kusafishia na kuyasugua ndani, kichwa kikiwa kimeingia pipani. Ulikuwa wa kwanza kukohoa. Ukasema tuombe maski. Kila mtu akakubali, na jioni ile tukiwa bado uwanjani ulitupanga kama watu wa kwetu wanavyopangwa: mkubwa atasema, wadogo watakuwa nyuma yake, vichwa chini, kimya. Kwetu mkubwa akikusemea, ukinyanyuka umemkata maneno, umemvunjia heshima mbele ya watu. Ulisema mwenyewe, "Mutanyamaza. Mimi ndiye nitasema."

Kesho yake tukasimama nyuma yako ofisini. Ulisema Kiingereza kizuri, cha darasani, kila neno limepigwa pasi. We are sick. We need masks. We will not wash the drums without them. Bosi akakuangalia, akatuangalia, akauliza, "Who is we?"

Swali dogo tu. Hao "sisi" ni nani?

Wenzetu wanne hawakuelewa hata neno moja. Waliendelea kuinamisha vichwa kama ulivyowafundisha, kwa heshima yako. Kama wangejua wameulizwa nini, wangesimama. Dieudonné, mmoja wao, angesimama hata kwa mguu mmoja. Katika chumba kile walioelewa swali walikuwa watatu: bosi, wewe, na mimi. Ukageuka nyuma. Hukuwaangalia wao. Uliniangalia mimi, ukaningojea.

Nikaangalia viatu vyangu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na doa la rangi ya kijani, bado naliona.

Bosi akasema basi hakuna we hapa, uko wewe peke yako, chukua vitu vyako.

Hapo ningeweza kuishia na kuitwa mwoga tu. Waoga wako wengi Durban na wanalala usingizi. Lakini tulipokuwa tunasubiri teksi, Dieudonné alinishika mkono. "Bahati, wewe unasikiaka Kiingereza. Bosi alisemaka nini? Juu ya nini wamemufukuza Mwalimu?" Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na palepale wote wanne wangerudi getini. Nikasema, "Alijiombea cheo. Bosi akakatala, naye akamutukana."

Yaani sikufikiri. Lilitoka lenyewe, limekamilika. Na waliamini haraka, Mwalimu, lazima ulijue hilo nalo. Hawakusumbuka. Mmoja akatema mate, akasema nilijua, watu wa vitabu njo vile walivyo. Ulikuwa na kiburi cha chaki, uliwasahihisha watu hata wakiwa wanakula. Nilichowapa kilikuwa kinawatosha.

Mwezi uliofuata bosi akanifanya msimamizi, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki na Kiingereza. Siku ya kwanza aliniwekea mkono begani akasema, "Bahati, we need to push these guys." Tunahitaji kuwasukuma hawa. Nilihesabu waliomo: yeye na mimi. Nilifurahi. Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi tena kunikatisha: nilifurahi mpaka nikaimba njiani. Na akanipa maski. Moja. Mimi nisiyeingiza kichwa pipani tena ndiye mwenye maski, inaning'inia msumarini juu ya kiti changu, safi.

Wewe ulikwenda kulinda magari ya watu karibu na bahari, kwenye mvua, na kifua kilekile. Nilikuona mara mbili. Mara zote mbili nilivuka barabara.

Hospitalini nilikuja mara moja, kwa sababu Mama Neema alinituma na machungwa. Nesi aliingia akasema, "And how are we today?" Ulicheka mpaka ukakohoa, na baada ya kukohoa ukaniambia niandike: we ya nesi, yumo mgonjwa, nesi hayumo. Niliandika. Halafu nikakaa nikala chungwa lako, nikalimaliza, huku wewe ukinitazama kwa upole. Hukusema lolote kuhusu siku ile. Nikajiambia pengine umesahau, au pengine ulifikiri sikusikia, kwa zile kelele za mashine nje ya ofisi. Niliondoka nimepona mimi.

Kwenye maziko yako wenzetu hawakuja. Waliona aibu ya mtu aliyewauza kwa ajili ya cheo. Jeneza lilibebwa na watu wa kanisa wasiokujua vizuri, na mmoja wao alikuwa mfupi, likawa linainamia upande wake. Nilishika pembe moja. Niliona uzito wako, ulikuwa umekwisha kabisa.

Sasa hiyo jana. Niliwaleta wale wanne mimi mwenyewe. Msimamizi akisema njooni, watu wanakuja. Baada ya chakula mzee wa kanisa akasema mtu mmoja aseme kwa niaba ya wenzako wa kazi, na wote wakageukia kwangu, si mimi ndiye mwenye ulimi. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika, "Sisi tulimpenda." Nilisoma neno la kwanza na sauti yako ikaniuliza lile swali lako baya. Nikaikunja karatasi.

Nikasema yote. Swali la bosi, macho yako, viatu vyangu, uongo wa kituoni. Nilisema kwa Kiswahili ili safari hii wote wasikie.

Dieudonné alisimama, akachukua sahani yake, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, na wale wengine watatu wakamfuata na sahani zao. Afadhali angenipiga. Nilibaki kwenye ile mikeka upande wangu peke yangu kama wewe ofisini, na watu wote wakiwa mbele yangu.

Kisha Mama Neema akasema, huku akifuta mikono kwenye kitenge:

"Tulijua, Bahati. Mimi na yeye. Alinielezeaka siku ile ile, mbele ya kuvua hata viatu. Akasema, usimuseme, iko na watoto, naye watamufukuza. Tulikungojea. Yeye alikungojea ku kitanda, mimi nilikungojea hapa. Sasa umesema. Maliza kula, halafu uende."

Nilimaliza kula, Mwalimu. Mbele yao wote. Aliniwekea na samaki.

Nimekasirika nawe, na sitakuficha. Ulijua, na ukaniacha nile chungwa. Ulinisamehe nyuma yangu, na mkeo, mezani kwenu, bila kuniita. Ungenitukana ningejitetea, ningekuchukia, ningelala. Badala yake mlikuwa na we yenu ninyi wawili, na nililetwa kila siku humo ndani, nikazungumzwa, nikahurumiwa, na sikuwemo. Nimefungua daftari lako ukurasa wa mwisho nikaiandika. Tulijua: yumo Mama Neema, yumo marehemu. Safu ya pili, ya wasiomo, nimeandika jina langu, na nimeliandika kwa kalamu ya wino.

Lala sasa. Sitakuja kaburini siku watakayokuja wao. Nitakuja siku za kazi, nikiwa na nafasi, na huenda nafasi nitakuwa nayo ya kutosha. Kwa sababu kesho Jumatatu nitaing'oa ile maski msumarini, nitaiweka mezani kwa bosi, na nitamwambia nataka nyingine nne za kufanana nayo. Wenzetu watakuwa uwanjani. Sijawaomba waje na hawatakuja.

Kiingereza changu bado kizuri, ulinifundisha vizuri. Sitasema we. Nitasema I, mimi. Na akiniuliza nani mwingine, sitageuka nyuma kuangalia.

Bahati