Kusoma Gazeti Ndani ya Shira

Jumatatu, 18 Machi

Usiku baridi kali, mchana jua. Miti ya mepo imefunguka, ndoo zinajaa utomvu wake mtamu kuliko ninavyoweza kuzibeba. Nimeuchemsha kutwa kibandani uwe shira, nikala maharage nimesimama. Kukaa mezani peke yangu sijazoea. Kiti cha mke wangu Verna nimekivisha koti langu, kisionekane kitupu. Koti nalo halina mazungumzo.

Hollis wa kanisani kapiga simu. Karamu ya shira juu ya theluji ni Jumamosi, ile ya kumwaga shira moto kwenye theluji na kuila kwa achari na donati. Eti wamenunua shira ya dukani, mwaka huu nisijisumbue, nije na tumbo tu. Nikamwambia mke wangu kafa, miti haijafa. Akakohoa.

"Basi ilete, Orrin. Lakini iwe safi, mzee wangu. Unawajua watu wetu, watasomea gazeti."

Wanasomea kweli! Chupa mbele, gazeti nyuma. Herufi zisipoonekana, shira yako inapelekwa jikoni kutiwa kwenye maharage, na wewe unaifuata hukohuko kuosha vyombo. Verna ndiye aliyekuwa akichuja. Shira yetu isipokuwa mezani Jumamosi, ndiyo basi. Mwakani hata simu haitapigwa.

Jumanne, 19 Machi

Nimelitoa chujio la Verna, ule mfuko wa sufu nzito wenye ncha. Gumu kama ubao. Nimelitia kwenye mashine ya kufulia, na sabuni ya kutosha. Limetoka laini kama sungura. Nimejipongeza kwa sauti. Hakuna aliyepinga.

Jumatano, 20 Machi

Sabuni ilikuwa ya maua ya lavenda!

Shira yote ya leo ina ladha ya kabati la shuka. Huku kwetu hata wanaotambaa wanajua: sufu ya shira ni maji moto tu, sabuni ikishaingia haitoki. Verna alikuwa akiisuuza kwa maji matupu, na mimi miaka yote nikidhani ni ubahili. Nimelichemsha, nikalianika, nikalichemsha tena. Sasa kibanda kizima kinanukia kama shangazi anayekwenda harusini.

Dukani machujio yameisha. Nimeondoka na karatasi nzito za kuchujia, pakiti ya mwisho. Muuzaji akauliza kama ninajua kuzitumia. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 21 Machi

Mtambo! Nimeitoboa sufuria kubwa ya supu ubavuni, nikapachika bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Juu ya sufuria kung'uto, juu ya kung'uto karatasi. Mashine inafyonza hewa kutoka chini, shira inavutwa kupita kwenye karatasi, na ule mchanga unaojitengeneza shira ikichemka unabaki juu. Kichwani mwangu ulifanya kazi vizuri sana.

Tundu nililitoboa chini mno. Mashine imekunywa shira kuliko wageni wote wa mwaka jana, ikapiga kwikwi, ikanyamaza. Nimeshinda nikiifungua na kuipangusa. Leo sijasema neno na mtu. Na mashine nimesema nayo, lakini si maneno ya kuandika.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeliziba tundu la chini, nimetoboa juu. Karatasi ya mwisho, nyingine ziliharibika jana. Utomvu wa jana na leo, umeiva vizuri. Mashine ikanguruma, shira ikashuka—dhahabu! Nikajaza chupa moja, nikaiweka mbele ya gazeti. Nikasoma bei ya mbolea neno kwa neno. Haijawahi kunifurahisha hivyo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bernadette, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tangu mazishi tumekuwa watu wa kupungiana mkono tu.

"Nimesikia mashine ya vumbi inalia tangu asubuhi," akasema. "Nikajua ama umeoa, ama umerukwa na akili."

"Kuoa bado."

"Naona." Akazunguka mtambo wangu. Akanusa hewa. "Orrin! Uliifua sufu na sabuni?"

"Kidogo."

"Verna angekuzika wewe kwanza!"

Tukacheka. Akachovya kijiko, akaonja, akatazama dirishani muda mrefu kuliko shira inavyohitaji.

"Ni yenyewe," akasema. "Lakini shira haionjwi hivi kama dawa. Theluji unayo hapo nje. Mimi naleta achari ya matango na donati. Usifunge chupa mpaka nirudi."

Akatoka.

Naandika karibu na jiko. Shira lazima ifungwe ikiwa moto. Nikiiondoa jikoni, inapoa. Nikiiacha, inaanza mchanga mwingine, na karatasi sina tena. Bernadette kazaliwa kwenye shira, anajua hayo kuliko mimi. Na bado kasema nisubiri. Labda kasahau. Labda hakusahau.

Nasikia gari lake limewaka uani kwake. Limeteremka upande wa dukani. Achari imemwishia? Kuna mtu kamwita?

Nimepunguza moto. Nimejaza theluji kwenye bakuli. Nimechota shira ya sufuriani kwenye glasi, nimesoma tena bei ya mbolea: herufi kubwa zipo, ndogo zimeanza kuota ukungu. Vifuniko viko mezani, vyote.

Nimeondoa koti kwenye kiti cha Verna.