Abdi, Daktari wa Simu

Jumanne, baada ya alasiri

Eti mwili ukikosa wanga unachoma mafuta yake wenyewe. Mume wangu Abdi anamtangazia hivyo kila mgeni, kana kwamba alisomea udaktari. Alisomea kwenye simu, amejilaza mkekani.

Wiki ya tatu hii hagusi anjera, wali wala pasta. Ni nyama ya mbuzi na samli tu. Anasema babu yake kule Habaswein aliishi hivyo hivyo. Babu yake alitembea nyuma ya ngamia kutwa nzima! Abdi anatembea kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti cha ofisi, na hapo anafika akihema.

Leo mchana, akiwahubiria wageni, mikono ilianza kumtetemeka. Jasho likamtoka, akaniita kwa jina la dada yake. Nikamnywesha chai yenye sukari tele, kisha nikampeleka zahanati.

Muuguzi alipomaliza kumpima alimtazama kwa mshangao. "Adeer, ami yangu, umeacha wanga, na dawa ya sukari bado unameza ile ile? Lazima sukari ishuke. Ungekuja kwanza tukupunguzie dozi."

Nilipanga kumcheka njia nzima. Daktari mzima!

Kicheko hakikutoka. Wiki tatu nimemkejeli, wala sikuuliza swali hata moja. Na vidonge vile, kila asubuhi, ni mimi ninayemwekea mkononi.