Osoro Si Mvivu

Mama mpendwa,

Bwakire buya. Goti linaendeleaje? Natumaini unafika shambani bila fimbo, na ng'ombe wanakupa maziwa. Mimi nipo huku Uingereza, bado natunza wazee.

Ninaandika kwa sababu Jumapili kwenye simu nilishindwa kukujibu. Ulisema, "Huyu kaka yako amekuwa mvivu. Ng'ombe wanalia na yeye amelala. Atafute kwake." Mama, nakusihi usimfukuze Osoro.

Kuna jambo nililokuficha. Tangu baridi ianze nimekuwa mgonjwa. Haikuanza na machozi, ilianza na mboga yetu ya chinsaga. Rafiki yangu aliipata kwa duka la Waafrika, nikaipika na maziwa kama wewe, nikasonga ugali. Nilitafuna kama ninayetafuna karatasi. Halafu nikaacha kwaya, mimi niliyekuwa naimbisha kila Sabato. Nyimbo zilikuwa kelele tu. Hata kuoga kulinishinda. Nilifikiri nimemkosea Mungu.

Msimamizi wangu kazini ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Nikamwambia daktari, "Labda nimekuwa mvivu." Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu zinazotufanya tutamani kitu, tukifuate, na tukikipata tuone raha. Hizo ndizo zinazomtoa mtu kitandani aende kukamua. Katika ugonjwa huu wa huzuni zinaweza kufifia. "Usijilaumu," alisema. "Kutamani kwenyewe ndiko kunakougua."

Jumapili maneno yako yalinikumbusha hayo, na tulipokata simu nikampigia Osoro. Akasema, "Dada, yule ng'ombe mwekundu alizaa. Nilisimama nikamwangalia ndama. Sikusikia kitu. Afadhali hata ningekasirika."

Mama, huyu ndiye Osoro aliyekuwa akihamia zizini na blanketi ng'ombe akikaribia kuzaa. Nikamuuliza kama huwa anawaza kufa. Akajibu, "Wakati mwingine." Nilimwomba ruhusa nikuambie, naye akakubali.

Kwa hivyo usimwache peke yake. Ondoa dawa ya kuogesha ng'ombe pale ilipo, ifungie mbali. Mpeleke hospitali ya kaunti mara tu ukipata barua hii kwenye simu, uulize daktari wa magonjwa ya akili. Usimwambie ajikaze. Amejikaza mpaka amechoka.

Mimi bado sijapona. Nakunywa dawa na kila wiki naenda kuongea na mshauri. Juzi niliosha nywele. Mshauri alifurahi kuliko mimi.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi Magwagwa, na mke wa Osoro. Mwambie hajaachwa, mume wake ni mgonjwa. Msalimie pia mzee wa kanisa. Najua atataka kuja kumwombea Osoro. Aje na gari lake, na maombi myafanye mkiwa njiani kwenda hospitali.

Ni mimi bintiyo,
Moraa