Posa ya Nuria Isipokelewe

Malton, Ontario,
Kanada.
22 Novemba 2011

Mpendwa Dada Leokadia,

Shikamoo dada yangu. Goti linaendeleaje? Na Shemeji Projestus, kikohozi kimemwacha, au bado anakuamsha na wewe? Nilifurahi sana kusikia migomba yenu imepona ule ugonjwa wa mnyauko. Huku nikila ndizi za dukani, ngumu na hazina ladha, nakukumbuka wewe na jiko lako la nyuma.

Sisi tuna uzima, ashukuriwe Mungu. Baridi imeshaingia, na mgongo wa shemeji yako Methodius umeanza kumsumbua kama kila mwaka. Bado yuko kule kwenye mizigo ya ndege, zamu ya jioni wiki hii. Calvin amerefuka mpaka suruali zote zimekuwa fupi. Ukimsalimia kwa Kiswahili anaelewa kila neno, ila atakujibu kwa Kiingereza. Usimchukie, ndivyo walivyo watoto wa huku wote.

Dada, nimeichelewesha barua hii kwa sababu sikujua niianzeje. Uliandika kwamba mshenga wa akina Rutashobya amekuja mara ya pili na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, kwamba kijana wao daktari ni mtu wa heshima, na kwamba wanasubiri neno letu na picha ya binti yetu Nuria. Najua Methodius ndiye aliyekuomba umtafutie. Najua umehangaika. Lakini nakuomba posa hiyo usiipokee. Kwa simu nisingeweza kukueleza, maana ningelia na muda ungekwisha.

Unakumbuka nilikuambia zamani kidogo kwamba Nuria ana rafiki, nikaishia hapo. Kijana huyo anaitwa Amyn. Ni Mhindi, Ismailia, wazazi wake wamezaliwa Mwanza. Walionana kwenye sherehe ya Uhuru iliyoandaliwa na Watanzania wa huku, Nuria akiwa mwaka wa pili wa chuo. Alikuwa akipakua pilau, na kijana akafika na sahani yake akasema kwa Kiswahili safi, "Dada, naomba ukoko." Nuria alicheka mpaka akaweka upawa chini. Kati ya vijana waliokulia huku, nani anajua ukoko? Alirudi nyumbani akanisimulia jikoni, na mimi nikacheka naye. Baadaye nikaona kwamba anaisimulia habari ile ile kila wiki, nikajua.

Alikuwa kijana mzuri, dada. Alikuwa akisomea ufamasia. Akija kwetu anavua viatu mlangoni, anamsaidia Calvin hesabu, anakula senene tulizoletewa kutoka Bukoba bila kukunja uso. Nuria wakati ule alikuwa akiimba bafuni. Naandika hilo kwa sababu tangu siku ile ya chai nitakayokueleza sijamsikia tena.

Methodius alipoambiwa kwamba wanataka kuoana, hakupiga kelele. Ungemjua kama mimi ungejua hapo ndipo penye hatari. Alisema hakuacha shule aliyofundisha hisabati, akaja kubeba maboksi ya watu usiku na mchana, ili binti yake akose kuwa daktari na akose kubatiza watoto wake. Nuria akamwambia atasoma udaktari hata akiolewa. Akamwambia Amyn hajamwomba abadili dini. Baba yake akawa anatazama dirishani ndege zinavyotua, kama vile hakuna mtu anayeongea.

Kule kwa Amyn, Richmond Hill, mambo yalikuwa hayo hayo. Baba yake, Bwana Abdulsultan, ana duka la vifaa vya umeme, na alikuwa ameshamwona binti wa jamatkhana yao, nyumba yao ya ibada, aliyedhani anamfaa mwanawe. Basi watoto wakaona tukikutana uso kwa uso tutalainika. Wakapanga wazazi wa Amyn waje kwetu kunywa chai. Hiyo ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka juzi.

Nilipika mandazi na sambusa. Nuria alinyoosha mapazia. Wakaja, Bwana Abdulsultan na mkewe Shahbanu, na boksi la peremende zao za maziwa. Nilitegemea ukimya. Lakini Methodius alipotaja kwamba alisoma sekondari Mwanza, yule mzee akapiga paja lake. Kumbe duka la baba yake lilikuwa njia ile ile waliyopita wanafunzi wakienda kununua madaftari! Wakaanza: unamjua fulani, unakumbuka mvua ya mawe iliyotoboa mabati ya soko, unakumbuka yule mwalimu wa michezo mwenye filimbi. Methodius alicheka, dada. Tangu tuhamie Kanada sikuwa nimemsikia akicheka vile na mtu mzima mwenzake. Nuria na Amyn walikuwa kwenye kochi dogo, wameshikana mikono, nyuso zao zinang'aa. Walidhani wameshinda.

Ndipo Bwana Abdulsultan akaweka kikombe chini akasema, "Mwalimu, tuseme ukweli wetu wa Kiswahili. Wewe hutaki, na mimi sitaki."

Methodius akajibu, "Sitaki, mzee wangu. Si kwamba mwanao ana kasoro."

"Na binti yako hana kasoro. Basi tusaidiane. Nitampeleka Amyn kwa kaka yangu Vancouver. Wewe mshike wako."

Waliongea hivyo hivyo, kwa upole, kama watu wanaopanga nani atatangulia kisimani. Nuria akasimama. Akasema kwa Kiingereza kwamba wao wako hapa, wanaelewa kila neno, na wao si mizigo ya kupokezana. Baba yake hakumgeukia. Alisema tu, "Ukitoka mlango huu na huyu kijana, usirudi kuniita baba." Bwana Abdulsultan akamwambia mwanawe kwa Kigujarati maneno ambayo sikuyaelewa, lakini Amyn aliuachia mkono wa Nuria.

Shahbanu alinitazama. Nami nilimtazama. Tukaanza kukusanya vikombe, sisi wawili, kana kwamba hiyo ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Utaniuliza kwa nini hawakuondoka wakaoana serikalini, maana sheria ya huku inawaruhusu. Hata mimi nilingoja waondoke. Usiku mwingi nilisikiliza mlango. Hawakuondoka, dada. Tuliwalea vizuri mno. Amyn alikwenda Vancouver, na mwaka jana akamwoa yule binti wa jamatkhana, Fareen jina lake. Nuria alibaki hapa akamaliza chuo. Aliamka, akasoma, akaosha vyombo, akaenda misa. Ukimuuliza jambo anajibu, "Sawa, Mama." Methodius alikuwa akiniambia, "Unaona? Imepita."

Jambo ambalo sikuwahi kukuandikia ni kwamba wale wazee wawili wamekuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila Jumapili Bwana Abdulsultan anaendesha gari kutoka Richmond Hill hadi hapa, anakunywa chai, wanaongea habari za Mwanza mpaka jua linazama. Amechoka na Kiingereza, anasema, na watoto wake hawamsikilizi. Nuria alikuwa akiwapikia ile chai. Siku moja mzee akajisahau, akamwita Methodius "mkwe," kwa utani. Nuria alimimina chai, hakumwaga hata tone, akarudi chumbani.

Shahbanu alikuja mara moja tu peke yake, baada ya harusi ya Vancouver. Alisimama jikoni kwangu na sahani ya vyakula vya harusi imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Akaniambia, "Mwanangu amekonda, Mama Nuria. Ananipigia simu kila Ijumaa, ananiuliza hali ya hewa." Akalia kwenye aproni yangu. Sahani ile sikujua nimpe nani ale.

Mwezi wa tano mwaka huu Nuria alipata nafasi ya kusomea udaktari. Methodius alilia machozi wazi wazi. Tukafanya sherehe ukumbi wa parokia, watu wakaja hadi kutoka Hamilton. Déogratias, yule Mkongo anayefanya kazi na Methodius, alileta vyombo vya muziki. Bwana Abdulsultan alileta keki kubwa yenye jina la Nuria.

Methodius akashika kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akawashukuru watu. Halafu, bila kuniambia mimi wala Nuria mwenyewe, akasema furaha haiji peke yake, kwamba huko nyumbani Bukoba kuna familia njema inamwomba binti yetu, na kijana wao naye ni daktari. Watu wakapiga vigelegele. Nilimwangalia Nuria. Hakuwa anamwangalia baba yake. Alikuwa anamwangalia Bwana Abdulsultan, ambaye alikuwa amesimama, anapiga makofi, anatabasamu kwa moyo wake wote.

Nuria alichukua kisu. Alikata keki, akawalisha watu, akapiga picha na kila aliyetaka. Baada ya siku chache akakiandikia chuo kwamba haji. Halafu akafunga sanduku lake asubuhi kweupe, sisi wote tukiwa nyumbani, akaniaga, akamuaga Calvin. Baba yake alisimama mlangoni. Nilidhani atarudia yale maneno. Alisogea pembeni tu.

Yuko Thunder Bay, mji wa kaskazini, mbali sana. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaosha na kuwalisha. Binti aliyepata nafasi ya udaktari! Methodius hajawaambia watu. Akiulizwa parokiani husema Nuria yuko masomoni.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Sikumwomba Methodius ruhusa, nilimwambia tu siku ya safari.  Asubuhi ya kuondoka nilipoamka nilimkuta amekaa kwenye ngazi, anapaka mafuta viatu vya Nuria vya theluji, vile alivyoviacha. Alivifunga kwenye mfuko, akaubeba hadi kituo cha basi, akanikabidhi. 

Mwanao alinipokea vizuri, dada, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinipokea kama mgeni. Alinipa kitanda chake, akalala kwenye kochi. Alinionyesha ziwa lao kubwa, limeanza kuwa la kijivu. Aliongea nami Kiingereza siku zote zile. Nilipompa viatu alivitazama muda mrefu, akavipanga mlangoni.

Siku ya mwisho nilimsihi arudi. Nikamwambia baba yake anazeeka, mgongo unamuuma, nyumba imekuwa kimya. Nikamwambia amsamehe. Ndipo akaongea Kiswahili, pole pole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

"Mama, sina hasira na Baba. Mlitaka nitii, nikatii. Nilidhani nikitii itatosha. Kumbe mlitaka na furaha pia. Hiyo sina."

Nikamuuliza kama bado anamfikiria Amyn. Akasema, "Amyn ni mume wa mtu, Mama. Usinitukane." Akanifungia zipu ya koti langu hadi shingoni, kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mdogo, akanipeleka kwenye basi.

Nimerudi nikamweleza Methodius yote, neno kwa neno. Alikwenda kuoga, akakaa huko mpaka maji ya moto yakaisha. Jumapili Bwana Abdulsultan akaja kama kawaida. Niliwawekea chai. Hawakuongea habari za Mwanza. Mzee alisema Amyn siku hizi hapokei tena simu zake, anaongea na mama yake tu. Methodius akasema, "Tuliwashinda, mzee." Yule akajibu, "Tuliwashinda, Mwalimu." Nilipokuja kutoa vikombe, chai ilikuwa imeganda utando juu.

Kwa hiyo, dada yangu, nakuomba uende mwenyewe kwa akina Rutashobya, au umtume Shemeji Projestus, mwongee nao kwa adabu. Kijana wao hana kosa, apate mke atakayempenda. Picha siwezi kutuma. Methodius anajua nimekuandikia. Nilimsomea barua hii hadi hapa, na hakuniambia nifute kitu.

Nisalimie Shemeji Projestus na watoto wote. Msalimie Mama Mdogo Adventina, mwambie kitenge chake nakivaa kila sikukuu. Mwombee Calvin, maana sasa macho yote ya baba yake yako kwake. Mungu awalinde hapo nyumbani, na akupe nguvu ya kuibeba habari hii ambayo nimekutwisha.

Na dada, wale watu wakikuuliza kama Nuria ana mchumba mwingine, usiwafiche. Waambie alikuwa naye, na wazazi wake ndio waliomwondoa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Asumpta