Keria Juu, Miguu ya Mama Chini

Kondoa, Jumapili alasiri. Jua linawaka ila kuna upepo mzuri. Nimekaa kibarazani kwa Mama Mdogo, nimeshiba pilau la jana lililopashwa moto, na ninaandika kwenye daftari la mwanangu. Nitachapa nikirudi Dodoma, pale kwenye duka la intaneti, kama umeme utakuwepo.

Leo najisifu. Asiyependa asome mwisho tu.

Tumefika watu saba, na hakuna aliyepakata ndoo.

Safari ya mwisho kuja huku na Mama ilikuwa miaka miwili iliyopita, na nikiikumbuka naona aibu mpaka leo. Gari letu ni la mtumba kutoka Japani, refu, zuri, lina viti vya kukunja nyuma kabisa. Nilipolinunua nilitembea kifua mbele mtaani wiki nzima. Lakini hatujawahi kukalia vile viti vya nyuma, maana sisi Warangi haturudi nyumbani mikono mitupu. Mchele, sukari, mafuta, vitenge vya mashangazi, sufuria la kuazima: vyote vililala pale, na watu tukabanana mbele yake. Mama alikaa katikati ya wajukuu, gunia la mchele chini ya miguu, magoti yamefika kidevuni. Na barabara yenyewe ni vumbi tupu, imejikunja kama bati. Alipoteremka, miguu ilikuwa imevimba. Alilala siku mbili huku shughuli aliyoijia ikiendelea nje.

Tuliporudi alinipa maneno yake. "Mwanangu, nimepanda lori la pamba, nimepanda trekta. Ghala sijawahi kupanda. Sipandi tena."

Idi zikaja zikapita. Kweli hakupanda.

Mwezi uliopita ikaja habari kwamba mjukuu wa Mama Mdogo anaolewa. Mama Mdogo ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki kwa Mama, na safari hii hakubembeleza. Alituma ujumbe: "Mwambieni dada, asipokuja harusi itafungwa, lakini mimi nitakaa ndani na mlango nitafunga."

Mama akausikiliza, akanitazama, akauliza swali moja tu. "Gunia litakaa wapi?"

Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, Yohana, kutengeneza keria ya juu ya gari. Kazi ya siku moja ilichukua nne kwa sababu yangu. Nilitaka iwe ndefu. Nikarudi, nikataka iwe na ukingo wa kuzuia mizigo. Nikarudi tena, nikataka ngazi ya nyuma. Yohana akavua miwani yake ya kuchomelea. "Mzee, hebu tuelewane. Unasafiri au unahama?"

Lakini alifanya kazi. Mabomba ya chuma, rangi nyeusi, na mpira chini ya kila mguu ili paa lisikwaruzwe. Nikapanda juu nikasimama, mimi na kitambi changu, haikutikisika hata kidogo.

Hapo ningeenda nyumbani moja kwa moja, ningekuwa mtu mwenye akili. Badala yake nikapita Majengo, polepole, vioo vimeshushwa, nikizunguka soko mara mbili kana kwamba natafuta vitunguu.

Nilitaka kuonekana. Nikaonekana.

Kufikia Jumatano nilikuwa nimeshakubali mizigo ya watu wanne. Jirani yetu Mama Salome alileta godoro la binti yake anayesoma Kondoa. Mzee wa mtaa alileta mlango wa mninga, mzima, anamjengea mdogo wake. Mwuza nafaka mmoja wa sokoni, ambaye nakiri sikumjua jina, alileta cherehani. Na Mwalimu Chilewa wa nyumba ya pili alipita kuniuliza kama baiskeli yake itaenea. Wote niliwajibu vilevile. Ofisini wananiita Bwana Haina Shida, na hawakukosea.

Alhamisi jioni mke wangu, Mama Zuhura, alisimama uani akaitazama ile milima ya mizigo iliyongoja kupakiwa. Hakupandisha sauti. "Baba Zuhura, hivi vya watu tu vinajaza keria. Sasa mizigo yetu inakaa wapi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Ingekaa kwenye viti vya nyuma. Na gunia lingerudi palepale lilipokuwa, chini ya miguu ya Mama. Nilikuwa nimetumia chuma chote kile kumtengenezea nafasi Mwalimu Chilewa.

Ijumaa alfajiri, baada ya swala, nikatoka kwenda kupanga mizigo kabla watu hawajaamka. Nikakuta Mama ameshakaa garini. Kiti cha mbele, kile cha Mama Zuhura. Amevaa khanga yake mpya, mkoba mapajani, miguu ameinyoosha mpaka mwisho, viatu amevua kabisa.

"Shikamoo Mama. Mbona mapema? Hatujapakia kitu."

"Marahaba. Mimi nimeshapakiwa," akasema. "Pakieni vilivyobaki."

Nikabaki nimesimama na kamba mkononi. Miaka yote tumekuwa tukipanga magunia kwanza, halafu tunawachomeka watu penye mwanya. Sijui nani alitufundisha.

Mama Zuhura alipotoka akaona, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akapanda kiti cha pili, akawaita watoto wanne, akawakalisha mmoja mmoja, viti vya kukunja vikiwa vimekunjuliwa kwa mara ya kwanza tangu gari litoke Japani. Na kweli havikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Haya," akasema kutoka ndani, kama malkia. "Sasa hangaika."

Nikahangaika. Mlango wa mninga nikaulaza kwanza, ukawa sakafu. Mchele wetu, sukari na mafuta juu yake. Cherehani nikaliviringisha ndani ya godoro, likatulia kama mtoto. Turubai juu, kamba za mpira wa tyubu kila upande, mafundo niliyofundishwa na baba yangu akifunga mizigo ya punda. Nikashuka kuitazama. Ilikuwa imeenea, imejaa, na ndani ya gari hakukuwa na kitu zaidi ya watu na chupa moja ya chai.

Ndipo Mwalimu Chilewa akatokea kona akisukuma baiskeli.

Mama akanitazama kupitia kioo.

Nina miaka hamsini na moja na kumbukumbu zangu hazina siku niliyomkatalia jirani kitu usoni. Nikasafisha koo. "Mwalimu, samahani. Hapana. Safari hii haiwezekani."

Akaitazama keria, akanitazama mimi. "Haina shida," akasema, akageuza baiskeli yake, akaondoka.

Basi! Ndiyo hiyo tu? Miaka hamsini na moja nimeogopa kitu hicho?

Njiani sina la kueleza sana. Haneti tulisimama, nikapanda ngazi yangu (ngazi aliyoicheka Yohana) nikakaza kamba moja. Watoto waliimba, wakagombana, wakalala. Mama alisinzia mdomo wazi, miguu imenyooka.

Tulipofika hapa Mama Mdogo alikuwa mlangoni tangu saa nne. Mama akafungua mlango mwenyewe, akavaa viatu, akashuka, akatembea ua mzima bila kushikwa mkono. Walikumbatiana muda mrefu. Kisha Mama Mdogo akainama akamshika kifundo cha mguu, kama anayekagua kuku sokoni.

"Haijavimba."

"Itavimba vipi? Imekuja imelala."

Jana kwenye harusi Mama hakulala ndani. Alicheza. Nilipita karibu nikijifanya natafuta maji, ili niione vizuri ile miguu.

Sasa naandika haya huku nikiona kitu kinachonitia wasiwasi. Shemeji zangu wawili, waume wa mabinti wa Mama Mdogo, wanalizunguka gari. Mmoja amepanda ngazi. Chini ya mti wa uani kuna madebe mawili ya alizeti, mkungu wa ndizi, asali, na beberu mweusi aliyefungwa kamba, vyote vinangoja kesho. Zawadi za kurudi huwezi kuzikataa, hilo nalijua tangu mtoto.

Nimemwuliza Mama, aliyekaa hapa pembeni yangu akichambua mchicha, tutafanyaje.

"Mimi kiti changu ninacho," amesema. "Beberu atafute chake."

Kesho alfajiri, baada ya swala, nampakia Mama kwanza. Halafu nitasafisha koo, niwaendee shemeji zangu.