Zilibaki Siku Tisa

Pakartoli,
11 Aprili 2023

Mpendwa Kaka Nirmal,

Hamjambo huko kwenye mashamba ya chai? Wifi anaendeleaje na kifua chake? Sisi wazima wa mwili. Goti langu limepoa.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini mama tumemzika shambani badala ya makaburi ya kanisa, nami nikakata. Nisamehe kwa kukata. Swali lako mimi bado sijalisamehe.

Unajua mama alibaki na dini ya wazee wakati mimi na wewe tulipobatizwa kwenye bweni la misheni. Baba alipofariki, akaomba naye abatizwe. Mchungaji Minz alikuwa tayari Jumapili ileile. Ni wewe uliyeandika kwamba sheria ya kubadili dini inataka fomu ifike ofisi ya wilaya siku sitini kabla ya ubatizo, na kwamba Mkristo huitii serikali kwa kuwa mamlaka yametoka kwa Mungu. Neno "huitii" ulilipigia mstari kwa wino mwekundu. Mama alitaka nimsomee barua yako mara tatu, kisha akaweka dole gumba kwenye fomu.

Wiki ya pili jina lake likabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakajitokeza karibu wote. Tukakatazwa pampu ya maji. Miti yetu mitatu ya mahua, ambayo mama alikuwa akiokota maua yake ya kula na kuuza tangu aolewe, wakaokota wengine huku tunatazama.

Mama akaugua, akalala kitandani. Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku tisa, nilikuwa nampa maji kwa ile lota yake, kile chombo chake cha shaba cha kunywea. Akageuza uso.

"Basanti, usininyweshe. Nimwagie kichwani, useme yale maneno."

Unajua kama ninavyojua mimi: mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji nilikuwa nayo mkononi, kaka. Nikamwambia, "Vumilia mama, siku tisa tu. Kaka Nirmal alisema tusubiri."

Akanitazama sana. "Haya. Nirmal amesoma," akasema, akanywa. Kabla wali wa mchana haujaiva, alikuwa ameshakwenda.

Nilikwenda kwanza kwa Mzee Budhram, anayesimamia makaburi ya kijiji. Hata kukaa hakunikaribisha. "Jina la mama yako si liko ukutani, na mhuri juu? Mpelekeni kwa wenzenu huko."

Nikaenda kwa Mchungaji. Alilia mbele yangu, kisha akasema, "Dada Basanti, nikimzika kama Mkristo, polisi wataniuliza nilimbatiza lini. Nina watoto, dada." Ningemlaumu vipi? Anaitii serikali, kama wewe. Kwa kijiji mama alikuwa Mkristo, kwa kanisa alikuwa bado.

Basi mimi na mume wangu tulimchimbia pembeni mwa shamba la mpunga. Nilisali Baba Yetu peke yangu. Nilipofika kwenye "utusamehe" nikaishia hapo, na sitaki kukudanganya kwamba nilimaliza.

Jana ililetwa karatasi yake. Ofisi imeyakataa mapingamizi yote. Sumitra Kujur anaruhusiwa kubatizwa. Ina mihuri miwili na sahihi nzuri. Nimeikunja humu ndani ya barua. Ikae kwako, mimi sina pa kuiweka.

Nisalimie wifi Elisaba, pamoja na Anup na mdogo wake. Waambie bibi aliwaachia shali yake ya sufu, nitaituma. Shangazi Phulo anakusalimu, ila siku hizi haongei sana na mtu. Mungu awalinde nyote, awape afya na mvua ya kutosha. Maji yangu nanywea kikombe cha bati sasa. Lota ya mama siwezi kuishika.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekutii,

Basanti