Multan Sharif isiyokwisha

Kishwar, kuanzia leo mimi ni fundi wa kompyuta. Haya, kazi yangu ilikuwa kuipepea isichemke.

Si unamjua bosi wa Wajahat wangu, Rizwan sahib mwenye gazeti? Hataki mji wetu uitwe Multan tupu. Kwa heshima ya mawalii, kila mahali iandikwe Multan Sharif, na toleo liwe tayari kabla ya sala ya Ijumaa. Likichelewa, kazi anapewa mpwa wake.

Basi mwanangu akaandika programu ibadilishe yenyewe. Tukanywa chai. Tukanywa ya pili. Programu bado.

Nikamuuliza, "Imekufa?"

"Haijafa, Ammi. Inazunguka. Nimeiambia ibadilishe mpaka isione Multan tena."

Mara akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ammi! Ndani ya Multan Sharif si bado mna Multan?"

Yaani ikishabadilisha, inaiona tena. Inaongeza Sharif nyingine. Inaiona tena. Kishwar, ingezunguka mpaka Kiyama.

Akaizima. Habari zote zimeshaharibika, na simu hiyo inalia. Bosi.

"Kazi imekwisha, sahib. Safi kabisa."

Safi! Nikainama niuone huo usafi. Unajua mimi kusoma kimya kimya sikufundishwa. "Multan Sharif Sharif Sharif Sharif Sharif..."

Bosi akauliza, "Nani huyo?"

"Mama, sahib. Yuko kwenye tasbihi."

"Tasbihi ya Multan?"